Mashine Nne za Mihayo

Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya vifusi vya mgodi Violeth alipofika kwa fundi Enock, pale Segese, kuchukua laptop ya Mwalimu Ngassa.

"Imewaka," Enock alisema bila kuinua kichwa. "Lakini usinishangilie. Chip ya picha ndiyo mbovu, imetoka kiwandani hivyohivyo. Solda yake ya ndani ikipata joto la kazi inapasuka. Kioo kinaleta mistari, kinazima. Nimeipasha moto, imeshikana. Itaachia tena."

"Itakaa muda gani?"

"Siku mbili. Saa mbili. Sijui, dada, mimi si mganga."

"Nikuombe uje useme hayo mbele za watu."

Enock alicheka, kisha akaacha. "Mimi nina watoto."

Mihayo, muuza vifaa vya umeme wa pale stendi, ndiye aliyeleta laptop nne za toleo moja na kuwauzia watu wanne wa kitongoji kimoja. Ndani ya wiki tatu, tatu zikafa. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimekiri kasoro ya toleo lile. Violeth alikuwa ameisoma taarifa yao kwenye simu hadi akaikariri. Mihayo naye, badala ya kuwabadilishia watu, alijifuta jasho na kuwaambia, "Mashine zangu nzima. Angalieni nani anaingia majumbani mwenu."

Aliyeingia majumbani mwao ni Bibi Kwandu, bibi yake Violeth. Muuza mlenda na mchicha. Macho mekundu kwa miaka sitini ya moshi wa mavi ya ng'ombe jikoni. Alikuwa amewazalisha nusu ya wake zao kwa mikono yake. Huyo ndiye waliyemtilia shaka. Boksi la Mihayo lenye nailoni, lililotoka kusikojulikana, hawakulitilia shaka hata kidogo.

Jioni ile wanaume walikuwa wanakutana kwa Mzee Nkwabi, mkubwa wa kitongoji, kumjadili bibi. Mwaka juzi, kijiji cha jirani, bibi mmoja aliambiwa aondoke kabla hakujakucha. Aliondoka. Stendi hakufika.

Violeth aliishika njia ya mkato, laptop ikiwa inawaka ndani ya kanga, kifuani. Enock alikuwa amemwonya asiizime. Feni yake ilikuwa inapumua... vvvv... vvvv... na ilikuwa inatoa harufu ya pembe iliyoungua. Huko mbali makarasha ya kusaga mawe yalikuwa yananguruma.

Kisha yakanyamaza. Yote. Kwa mpigo mmoja.

Umeme umekatika, alijiambia. Umeme hukatika kila siku.

Mtu alikuwa amesimama katikati ya njia.

"Mwadila, mayu," Violeth alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila." Alikuwa Bibi Kwandu, peku, kapu tupu kichwani. "Hata ile ya nne imezima."

"Nani kasema, bibi?"

Bibi aligeuka. Alitangulia mbele, taratibu, kama mtu anayekwenda kisimani. Walikuwa wameshaukaribia mji wa Nkwabi simu ya Violeth ilipotetemeka. Ujumbe wa rafiki yake: *Hata laptop ya kwa kina Hosiana imezima sasa hivi. Mchukue bibi mkimbie.*

Sasa hivi.

Atakuwa amesikia kwa mpita njia, Violeth aliwaza. Lakini njia ile hakupita mtu. Na kukimbia kungekuwa kukiri.

Wanaume walikuwa kama kumi na watano, tochi chini, mapanga magotini. Hakuna aliyeitikia shikamoo yake.

Violeth hakungoja kukaribishwa. Alisimama kama alivyozoea kusimama kwenye midahalo ya chuo, akaifunua laptop. Mwanga wa buluu ukawapiga usoni.

"Hii ilikufa Jumatatu. Leo inawaka. Fundi ameipasha moto tu. Kama bibi yangu ndiye aliyeiua, moto wa fundi ungeiponyaje? Ni ubovu wa kiwanda, wazee wangu, na wenyewe wamekiri. Mihayo anajua. Aitwe hapa aulizwe."

Alingoja. Hoja ilikuwa nzuri. Ilikuwa safi.

Mwalimu Ngassa, mwenye mashine, alirudi nyuma hatua mbili. "Ilikufa," alinong'ona. "Niliiona ikifa."

"Kwa hiyo bibi anaua," mtu alisema gizani, "mjukuu anafufua."

"Chuo gani hicho wanasomea hayo?" mwingine aliuliza. Mmoja akacheka, peke yake.

Kioo kilitetemeka. Mistari myekundu ikashuka kutoka juu, mwembamba mmoja, kisha mwingine, kisha mingi.

Tip.

Giza.

Mtu akalitamka neno la Kisukuma, *nogi*, mchawi, na mikono miwili ikamshika Bibi Kwandu mabegani. Hakupiga kelele. Kapu lilianguka, basi. Violeth aliona panga moja likiinuka kutoka gotini. Mzee Nkwabi alikuwa anatazama pembeni.

"Mwacheni," Violeth alisema. "Ni mimi."

Panga likasimama hewani.

"Nihesabieni. Kabla sijaja likizo, ni mashine gani ilizima? Hata moja. Ya mwalimu, nani alimwekea programu? Mimi. Ya kwa kina Hosiana? Mimi. Zote nne mliniita, zote nne nilizishika kwa mikono hii. Bibi alileta mboga tu, na siku zote alikuja nyuma yangu. Nikiishika inakufa. Nikitaka inafufuka, mmeona wenyewe. Huyu mnamwonea."

Alikuwa anadanganya, na alikuwa anadanganya kwa ufundi. Lakini alivyoendelea ndivyo hoja ilivyozidi kukaa vizuri, kuliko alivyotaka ikae. Aliitafutia tundu, kama alivyokuwa anazitafutia hoja za wapinzani wake. Solda, joto... ndiyo. Lakini zote nne? Na kwa nini siku zilezile za likizo yake?

Tundu hakuliona.

Mikono ilimwachia bibi. Wanaume walisogea kando, wakafungua njia pana, na hakuna aliyetaka kusimama karibu na Violeth.

"Huyu mzee abaki kwake, hana kosa," Mzee Nkwabi alisema, bado akitazama pembeni. "Wewe, gari la kwanza. Na usituguse."

Bibi Kwandu aliokota kapu lake, akamjia mjukuu wake pole pole. Alimshika mkono na kuugeuza kiganja juu, akakitazama muda mrefu kwa yale macho yake mekundu. Yalikuwa yamejaa machozi.

"Nilikuficha jambo hili miaka yote," alinong'ona. "Nani kakwambia?"

Violeth alingoja bibi atabasamu, ili ajue ni utani.