Droni Iliyokataa Kutua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tusekile alifagia nyuma ya zahanati ya kijiji chao, karibu na Ikolo. Nyumba yao ilipakana na zahanati hiyo, na Nesi Asifiwe alimpenda kwa sababu alikuwa mwepesi wa kazi.

Tangu mafuriko yafunike barabara ya kwenda Kyela mjini, dawa za dharura zililetwa na droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani. Ilitua ndani ya duara lililochorwa kwa chokaa. Tusekile alipewa kazi moja tu: droni ikija, mtu asikanyage duara, wala mbuzi.

Jumamosi moja Nesi alimwita kwa haraka. "Kuna mgonjwa ameumwa na nyoka shambani. Dawa inakuja. Linda duara, usiondoke!"

"Sawa, Nesi."

Lakini Tusekile alikuwa amejigamba shuleni kwamba droni inamtii yeye. Aliposikia watoto wakicheza nje ya zahanati, akawaita.

"Haina rubani kweli?" aliuliza Kisa, mwanafunzi mwenzake.

"Inajiendesha yenyewe. Simameni hapa katikati tuipungie mikono!"

Droni ikaja ikivuma kama nyuki. Ikashuka, kisha ikasimama hewani juu ya vichwa vyao. Watoto wakashangilia na kuruka. Ghafla ikapanda, ikageuka, ikarudi mjini na dawa yake.

Watoto walitawanyika. Nesi akatoka mbio. "Iko wapi?"

"Sijui, Nesi," alisema Tusekile. "Imegeuka tu."

Muda mfupi baadaye mgonjwa alitolewa kwa machela, mguu umevimba kama gogo. Tusekile akashtuka. Alikuwa Mzee Ambilikile, baba wa rafiki yake Tuntufye. Tuntufye alimfuata nyuma akilia. Walimlaza ndani ya mtumbwi, Tuntufye akapanda naye, wakaanza kuvuka mashamba ya mpunga yaliyomezwa na maji, kumpeleka hospitali.

Mzee Ambilikile alilazwa siku nyingi. Shuleni, Tuntufye aliendelea kumgawia Tusekile ndizi yake ya kuchoma. Tusekile aliipokea akiangalia chini.

Mzee aliporudi, akitembelea mkongojo, kijiji kilifanya mkutano.

"Kitu hiki kiondolewe!" alisema Mzee Ezekiel, mkulima wa kakao. "Ndege bila rubani ni kama ng'ombe bila mchungaji. Ilimwacha mwenzetu, nusura afe!"

Watu wakapiga makofi. Nesi Asifiwe aliinamisha kichwa.

Tusekile akasimama. "Shikamooni. Droni haikukosea. Mimi niliwaita watoto wasimame kwenye duara. Halafu nikamdanganya Nesi."

Tuntufye alimtazama, kisha akageuza uso. Hilo lilimchoma Tusekile kuliko fimbo.

"Sasa naelewa," Nesi alisema polepole. "Droni hii imetengenezwa isitue juu ya watu, isije ikawakata kwa mapanga yake yanayozunguka. Ilitaka kuwaepusha ninyi na madhara."

Mzee Ambilikile akamwita Tusekile mbele. Tusekile alipiga magoti, machozi yakimtiririka.

"Mwanangu," mzee alisema, "rubani angekuwamo, angewafokea, nanyi mngekimbia. Mashine haifoki. Ndiyo maana inahitaji watu waaminifu zaidi chini kuliko ndege ya kawaida. Ukikabidhiwa kazi, hata ndogo, jua kwamba kuna uhai wa mtu unaokutegemea. Na ukikosea, sema palepale. Ungesema siku ile, Nesi angejua droni ni nzima, angeita dawa tena."

"Nisamehe, baba."

"Mimi nimekusamehe. Ndaga, asante kwa kusema kweli. Lakini Tuntufye ndiye aliyelia ndani ya mtumbwi."

Wanakijiji wakakubaliana droni ibaki. Tusekile hakusikia makofi yao. Alikwenda hadi benchi la nyuma alikoketi Tuntufye, akasimama mbele yake.

Tuntufye hakumtazama. Kisha akasogea kidogo, akamwachia nafasi ya kukaa.