Talkini ya Muntu Muzima

Mimi ni fundi wa nguo, si muntu wa sinema. Magaribi ile nilienda Annexe, pembeni ya muji, kumupelekea binti yangu Djamila triko tu. Mwezi wa sita baridi ya Lubumbashi haina muchezo, na yeye, kichwa ngumu, alitoka na kanzu ya bibi-arusi peke.

Balikuwa banamalizia filimu. Hadithi ni ile ya zamani: bapenzi babili, jamaa zao habapatane, mwisho banakufa bote. Désiré, mwenye filimu, aliileta mu siku zetu. Binti wa Maniema, kijana wa Kasai, matusi ya jamaa ku telefone. Djamila njo alikuwa yule binti.

Nilikuta kaburi imechimbwa mu shamba ya mihogo. Mu sanda baliweka mugomba, sababu nilikataa mutoto wangu aingie mu shimo. Yeye alisimama karibu na taa, anatetemeka. Nikamuvalisha triko.

Shehe wao wa filimu hakufika. Désiré alijua kwamba miaka ishirini mimi njo nasomea maiti wetu talkini, yale maneno ya kumufundisha mwenye kaburi namna ya kujibu malaika. Akaniomba. Nikakataa. Djamila akanishika mukono, akasema bila ule mwisho kazi yake yote itapotea bure. Mutoto akikuomba vile, utafanya nini?

Désiré akanikumbusha mara tatu: maiti wa filimu anaitwa Zawadi, mwana wa Feza.

Nikapiga magoti. Harufu ya udongo mubichi... Nikaangalia ile sanda. Urefu wa mutoto wangu kabisa. Moyo ikanikatika, machozi ya kweli ikanitoka.

"Ewe Djamila, mwana wa Mwajuma..."

Ulimi hauna mufupa. Mwajuma ni muke wangu.

"Naam, baba."

Ilitoka chini, mu shimo.

Nikageuka. Djamila alikuwa wima karibu na taa, kinywa imefungwa, macho juu yangu. Kiisha akaanguka.

Tukafungua sanda. Mugomba tu. Donat, mwenye kushika mikro, akaninong'oneza: "Papa, iko mu mashini. Sauti ya mutoto wako. Nimeikamata."

Djamila aliamka, lakini ku nyumba akaanza kuanguka tena. Anaitika "Naam, baba", kiisha mwili wote unapoa. Kila mara nilipiga simu kwa Désiré. Kila mara alikuwa anaangalia kile kipande cha talkini. Nikaenda kulia mbele yake, mimi muntu mukubwa. Hakubisha. Alikifuta mbele ya macho yangu.

Siku tisa mutoto alikula, alicheka, akanichokoza kwamba baba amekuwa nyota ya sinema. Nikamushukuru Mungu.

Jana Donat alifika, akakataa kukaa. Alisema mbele Désiré akifute, yeye alikuwa amemutumia rafiki mumoja kile kipande. Rafiki alikifungua jana ile tu, akamutumia mwingine.

"Papa, unisamehe. Iko mu telefone za bantu. Hata Kasumbalesa ku mupaka, hata Mitwaba kule mbali."

Tangu asubui Djamila iko chini ya mablanketi tatu. Mama yake anamusugua miguu. Mutoto anaitika bila kupumuzika, na kila mara sauti inatoka mbali zaidi. Mimi nimefunga kinywa changu, naogopa hata kukohoa.

Nyuma ya ukuta, jirani amefungua telefone yake. Namusikia muzee mumoja analia, kiisha anaanza: "Ewe Djamila..."