Nani Alimpa Udaktari?

Mwalimu alisimama mlangoni na shati jipya la mwanawe mkononi. Hakujua acheke au akasirike.

"Fundi," alisema, "huu mfuko umeushona mgongoni."

Fundi alilipokea shati, akalisogeza karibu na pua, akaligeuza. Kweli. Mfuko ulikaa katikati ya mgongo, umeshonwa vizuri, na mistari imenyooka.

"Basi mwanao atabeba kalamu asizoweza kuzifikia," alisema Fundi. Wakacheka wote wawili. Lakini mwalimu alipoondoka, Fundi alikaa mbele ya cherehani yake bila kuikanyaga. Hakuwa na hamu ya kucheka tena.

Jicho lake la kushoto lilikufa tangu utotoni. Lilichomwa na kijiti wakati akicheza. Maisha yake yote alikuwa ameshona kwa jicho moja la kulia, na sasa jicho hilo lilikuwa limeingia ukungu. Kutunga uzi kwenye sindano kulikuwa vita.

Mumewe, fundi bomba, aliyaona hayo mapema. Shati lake la kazini lilikuwa na vifungo vya rangi tatu, na ukosi wake umepinda upande mmoja. Alilivaa hivyo hivyo na hakusema kitu. Alichosema ni hiki: "Mke wangu, twende kwa Daktari."

Daktari alikuwa na duka dogo karibu na soko. Ukutani kulikuwa na chati ya herufi. Mezani kulikuwa na tochi, fremu za miwani na kitambaa cha kufutia. Mwenyewe alivaa koti jeupe, na kwenye mfuko wa koti kulitariziwa neno moja kwa uzi wa bluu: DAKTARI. Alikuwa mpole, na miwani aliyomtengenezea mume wa Fundi haikuwa na kasoro.

Alimulika jicho la Fundi. "Mama, una mtoto wa jicho."

"Nami nilidhani nimeshafunga uzazi!" alisema Fundi.

Daktari alicheka sana. "Usihofu. Njoo Jumamosi asubuhi, nikutoe hapa hapa. Hakuna kulazwa, hakuna kisu. Naingiza sindano, nausukuma ukungu kando, unarudi nyumbani unaona."

Binti yao wa mwisho alikuwa amewasindikiza. Alifanya kazi ya kukanda unga katika duka la mikate. Nyumbani walimwita Maswali, na jina lilimfaa.

"Samahani, Daktari," alisema. "Upasuaji ulisomea wapi?"

Baba alikohoa kwa nguvu, kikohozi cha kumnyamazisha mtu. Walipofika nje aliwaka. "Umetuaibisha! Mtu mzima, amevaa koti lake, unamhoji kama mwizi wa kuku!"

"Baba, mtu akija kukuomba kazi ya bomba, si unamuuliza alifanya wapi?"

"Lazima nimuulize! Bomba likipasuka nyumba nzima inajaa maji."

"Na jicho likipasuka?"

Baba aliongeza mwendo tu.

Siku iliyofuata, jirani yao wa mlango wa pili alikuja kuchukua sare yake. Alikuwa muuguzi, na mtaani walimwita Nesi. Fundi alimpa habari njema.

"Mtoto wa jicho hutolewa, mama, na watu wengi huona vizuri kabisa," alisema Nesi. "Atakayekutoa ni nani?"

"Daktari."

"Daktari yupi?"

"Daktari wa macho. Yule wa karibu na soko."

Nesi aliiweka sare chini. "Yule? Nani alikwambia yule ni daktari?"

Fundi alifikiri. "Watu wote wanamwita hivyo."

"Na mimi sokoni wananiitaje?"

"Daktari."

"Na muuza dawa?"

"Daktari."

"Na yule anayefungua simu kwa bisibisi?"

"Daktari wa simu," alidakia Maswali.

"Mmeona? Hapa kwetu udaktari unagawiwa kama karanga. Mimi ni muuguzi. Siku nikishika sindano nikalifuata jicho lako, unikimbie! Sikilizeni. Kuna fundi miwani. Yeye hukata vioo na kuvifunga kwenye fremu, basi. Kuna mtaalamu wa kupima macho. Huyo anapima unavyoona, anakuandikia miwani, na akigundua ugonjwa anakupeleka mbele. Halafu kuna daktari bingwa wa macho. Huyo alisoma udaktari wa mwili mzima kwanza, ndipo akasomea macho. Jicho hupasuliwa na yeye, au na mtu aliyefunzwa upasuaji huo na kupewa leseni yake. Tena hupasuliwa kwenye chumba cha upasuaji, si nyuma ya duka."

"Tutawajuaje?" aliuliza Fundi. "Wote wanavaa koti jeupe."

"Koti si cheti, mama. Koti hata wewe unaweza kulishona."

Uso wa Fundi ulibadilika. Alishika kingo za meza kana kwamba nyumba imetikisika.

"Nimelishona," alisema polepole. "La kwake nimelishona mimi. Nilimuuliza nitarizi nini kwenye mfuko. Akaniambia, andika mnavyoniita."

Neno lile la bluu lililowatuliza wagonjwa wote lilikuwa limetoka kwenye sindano ya Fundi mwenyewe.

Nesi ndiye aliyezungumza kwanza. "Muulizeni jina lake kamili na nambari yake ya usajili. Muulizeni pia leseni yake ya mwaka huu, na hospitali anayopasulia. Kisha lipigieni simu baraza linalosajili madaktari. Watawaambia kama yumo, na kama yumo, amesajiliwa kwa kazi gani. Nambari ya baraza nitawapa mimi ile iliyobandikwa hospitalini. Msiichukue kwake, asije akawapa ya shemeji yake. Na wala msione haya. Kuuliza si utovu wa adabu. Daktari wa kweli hakasiriki."

Ijumaa asubuhi Maswali alikwenda dukani. Aliuliza kwa adabu, mikono nyuma. Daktari alicheka.

"Nambari ya nini, binti yangu? Kazi yangu ndiyo nambari. Nenda hapo kwa kinyozi umuulize. Nilimtoa mtoto wa jicho mwaka jana."

Kinyozi wa duka la pili alikuwa maarufu kwa miwani yake myeusi. Hakuivua hata ndani. Maswali, kama watu wengine wote, alidhani ni ulimbwende tu.

Kinyozi alilisikia swali lake, akaizima mashine. Alitazama mlangoni. Kisha akaivua ile miwani.

Maswali aliziba mdomo kwa mikono miwili. Jicho moja la kinyozi lilikuwa limezama ndani, jeupe lote, halitikisiki.

"Kabla hajanigusa nilikuwa naona ukungu," alisema kinyozi. "Tangu anichome naona giza. Liliuma mpaka nikagonga kichwa ukutani. Nilipomrudia akaniambia lilikuwa limeoza tangu zamani."

"Na watu anawaambia alikuponya! Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nilijipeleka kwa miguu yangu. Watu wangesema kinyozi huyu mjinga, halafu nani angenipa kichwa chake?" Aliivaa tena miwani. "Jina lake kamili nalijua. Tulipanga nyumba moja. Liandike."

Maswali alipiga simu palepale, amesimama katikati ya nywele zilizonyolewa. Mama mmoja wa baraza alipokea. Alimwomba alitaje jina herufi kwa herufi, akatafuta, akatafuta tena.

"Hayumo," alisema. "Si daktari. Si mtaalamu wa kupima macho. Hajasajiliwa kwa lolote. Kwani anatibu watu?"

"Kesho anamtoa mama yangu mtoto wa jicho."

"Mama yako asikanyage hapo," ilisema sauti. "Asikanyage kabisa. Nielekeze hilo duka liko wapi."

Nyumbani Baba aligoma kuamini. "Miwani hii kanitengenezea nani?" aliuliza akiigonga kwa kidole. "Haiwezekani. Nataka aniambie mwenyewe." Akatoka akiwa amevaa shati lake la vifungo vya rangi tatu. Fundi na Maswali wakamfuata.

Daktari alikuwa akifuta fremu.

"Nijibu neno moja tu," alisema Baba. "Wewe ni daktari?"

"Mzee, mimi nimewahi kukwambia kuwa ni daktari?"

Baba alilinyooshea kidole lile neno la bluu.

"Fikiri vizuri," aliendelea yule bwana, bila haraka. "Kazi yangu miwani. Mlikuja wenyewe mkasema, Daktari, tusaidie. Nikawasaidia. Koti kanishonea mkeo. Neno kaliandika mkeo."

"Na sindano?" aliuliza Baba. "Sindano umejifunza wapi?"

"Nilikuwa mfagizi hospitalini. Mlango ulikuwa na kioo. Nilikuwa naona wanavyofanya."

Baba alijikuta amekaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Mke wangu ana jicho moja," alisema. "Moja tu. Na mimi ndiye niliyemleta."

Mlangoni watu walikuwa wameanza kujaa. Kinyozi alipenya katikati yao. Hakuwa na miwani yake. Watu waliliona lile jicho.

"Vua koti," alisema Fundi.

"Ni langu. Nimelilipia."

"Koti ni lako. Neno ni langu, nalitaka."

Yule bwana aliwatazama watu, akamtazama kinyozi, akalivua. Fundi alitoa wembe wake wa kufumulia kutoka kwenye mkoba. Hakuweza kuziona herufi, kwa hiyo alizitafuta kwa ncha za vidole. Alizifumua moja baada ya nyingine, akivuta uzi wa bluu mpaka mfuko ukabaki mtupu. Alilia muda wote huo, na hakuficha. Alikuwa akiwaza watu wangapi walilisoma neno lile wakakaa kwenye kile kiti.

Jioni ile wakaguzi wa baraza walifika pamoja na polisi. Duka likafungwa. Kinyozi alitoa maelezo yake bila kuona haya, na watu wengine wawili wakajitokeza baada yake. Wateja wake hawakumkimbia kama alivyoogopa.

Baada ya hapo familia ilikwenda hospitali kubwa, kliniki ya macho. Daktari bingwa alikuwa mwanamke wa makamo aliyeongea taratibu. Safari hii aliyeuliza alikuwa Baba, tena kabla hajakaa.

"Samahani, Daktari. Naomba jina lako kamili, nambari yako ya usajili, na ulisomea wapi upasuaji wa macho."

Maswali alimkodolea macho baba yake. Daktari alitabasamu, akageuza kitambulisho chake ili kisomeke.

"Nambari ni hii. Nusu ya mwaka imepita na sijaulizwa hata mara moja, na ningependa niulizwe kila siku. Pigeni simu mhakikishe, nawasubiri."

Walipiga. Alikuwemo, pamoja na ubingwa wake na leseni ya mwaka huo. Aliwaeleza kwa nini sindano ya yule bwana ni hatari: kioo cha asili cha jicho, kile kilichoingia ukungu, hubaki humo ndani, jicho huvimba, huingia usaha, na mara nyingi hufa. Yeye angekitoa na kuweka kingine safi mahali pake. Aliwaambia pia mambo yanayoweza kwenda vibaya, bila kuficha, kwa kuwa jicho lilikuwa moja.

Fundi alipasuliwa. Usiku huo Baba hakulala.

Asubuhi daktari alibandua bandeji taratibu. Fundi alipepesa. Aliona dirisha. Akaona vidole vya daktari, akavihesabu kwa sauti. Kisha akageuka kumtazama mumewe aliyesimama kando ya kitanda. Alimtazama kuanzia juu hadi chini, na mdomo ukabaki wazi.

"Yarabi! Hilo shati! Vifungo vyekundu, vya kijani, na hicho ni cha rangi gani? Na huo ukosi! Fundi gani aliyekuharibia hivyo?"

Baba alijaribu kuongea, machozi yakamtangulia. "Fundi wangu," alisema. "Nimekaa nalo mwaka mzima."

"Mwaka mzima! Na hukumuuliza hata cheti chake?"

"Nilimwonea haya."

"Hujifunzi," alisema Fundi, akanyoosha mkono. "Lete hapa nilione vizuri."