Nguzo ya Nyumba ya Nyota

Shangazi yangu Biubwa huamka na hasira kama watu wengine wanavyoamka na njaa. Kabla chai haijachemka, atakuwa ameshagombana na kuku, na ndoo, na mtu aliyeacha mlango wazi. Mtu huyo huwa ni mimi. Jina langu Mize, nasoma darasa la sita, naishi na shangazi huku Kirongwe, kisiwani Mafia, na hasira zake nimezirithi zote. Jirani zetu wanasema nyumba yetu haihitaji jogoo.

Kila Jumamosi kazi yetu ni moja. Shangazi ni mlinzi wa msitu wa Mlima Mtondoo, kazi aliyopewa na serikali ya kijiji, nami humfuata na ufagio. Tunapita kwenye mikorosho, tunaingia chini ya mitondoo mikubwa ambako kima wanatutazama kwa dharau, kisha tunapanda. Ukifika juu unaona maji pande zote mbili za kisiwa. Nimesema mlima, na wewe usicheke. Watu wa bara wakija hucheka, wanasema hiki ni kichuguu. Najua Kilimanjaro ni mrefu, jiografia nimesoma. Lakini Mafia yetu ni tambarare kama sinia, na kilichoinuka kwetu ndicho mlima wetu.

Kileleni kuna nyumba ya duara yenye paa la bati linalosukumwa kando kwa magurudumu. Tunaiita nyumba ya nyota. Aliijenga Mzee Mohamedali, mwenye duka Kilindoni, kabla mimi sijazaliwa, kwa sababu alipenda kutazama mbingu na taa za mjini zilimuudhi. Siku hizi magoti yanamsumbua, kwa hiyo darubini ameiachia shule. Wakati wa likizo tunapanda kuangalia mwezi. Sikukuu ya Idi vijana wanakwenda na vyakula vyao, na wageni wa hoteli za Ghuba ya Chole huja kutembea msituni. Katikati ya nyumba imesimama nguzo nene ya zege, na darubini hufungwa juu yake wakati wa kutazama. Nguzo hiyo inapita sakafuni bila kuigusa sakafu. Kuizunguka pande zote kuna mwanya wa upana wa kidole. Nimefagia pale miaka miwili, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Sasa nisikilize, maana mambo yote yalianzia kwenye huo mwanya.

Jumamosi moja shangazi alishikwa na homa. Alinipa ufunguo wa nyumba ya nyota akaniambia, "Fagia, funga, rudi. Usimsumbue mtu na mtu asikusumbue." Nilipofika juu nikamkuta dada mmoja kutoka Dar es Salaam, jina lake Faraja, anayezunguka nchi akipiga video za mahali pa matembezi. Alikuwa amevaa miwani mikubwa ya jua. Salamu hajamaliza, akasema, "Jamani, huu ndio mlima wenyewe? Mbona sijatoka hata jasho?"

Damu ikanichemka. Nikamfungulia mlango makusudi ili aone kwamba na sisi tuna vitu. Akazunguka, akapiga picha, kisha akainama kwenye ule mwanya.

"Mbona hii nguzo haikushikana na sakafu? Inakwenda chini mpaka wapi?"

Sikujua. Ningesema sijui, habari ingeishia hapo. Lakini alishanicheka mara moja, na nilimwona tayari anataka kucheka tena. Mwalimu wetu wa historia alitufundisha kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliichukua Mafia kutoka kwa Wajerumani. Nikachukua kipande hicho cha ukweli, nikakipika.

"Chini yake kuna sanduku la Mjerumani," nikasema. "Walilifukia walipokuwa wanakimbia. Nguzo imejengwa juu yake ili mtu asilifikie."

Dada Faraja akavua miwani. "Unasema kweli?"

"Mimi ndiye mwenye ufunguo," nikamjibu, kana kwamba hilo ni jibu.

Hakucheka tena. Nilishuka mlima nimevimba kichwa, na shangazi aliponiuliza kama kuna mtu amekuja, nikamwambia ni mgeni mmoja tu, amekuja kupiga picha.

Wiki tatu zilipita. Siku ya Alhamisi kulikuwa na maziko kijijini, na kila mtu alikwenda, shangazi pia. Tuliporudi alasiri tukasikia kima wanapiga kelele zisizo za kawaida. Shangazi akapanda mlima mbio, na mimi nyuma yake.

Sijui nianzie wapi. Walikuwa wamechimba shimo chini ya ukuta, shimo la kuweza kummeza ng'ombe. Mizizi ya mtondoo ulio karibu ilikuwa imekatwakatwa kwa mapanga. Sakafu imepasuka vipande viwili, na nguzo imeinama kama mtu mwenye kiuno kibovu. Wachimbaji wameondoka zamani, wameacha sururu iliyovunjika mpini na chupa za maji. Darubini ilipona kwa sababu huwa inalala kwetu ndani ya kasha lake. Shangazi, anayegombana hata na ndoo, aliinama akaanza kuokota zile chupa moja moja.

Kugomba siku ile niligomba mimi. Niliwalaani wale watu, nikaipiga teke ile sururu mpaka kidole kikavimba. Nilikuwa na hasira za kweli, wala sikuwa najifanya. Na katikati ya hasira hizo nikakumbuka neno sanduku, nikaacha kupiga teke.

Kesho yake Mzee Mohamedali aliletwa kutoka Kilindoni kuangalia uharibifu. Alikuja na mjukuu wake Riyaz, ambaye tunalingana umri. Mzee alipanda pole pole, anapumzika kila baada ya hatua chache. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa anaiangalia nguzo.

Riyaz akanivuta pembeni akanionyesha simu. Ilikuwa video ya dada Faraja. Ndani yake unaona nguzo, unaona mwanya, unamsikia akisema, "Mwenye ufunguo wa nyumba hii ametusimulia kwamba chini yake kuna sanduku la Mjerumani."

"Watu maelfu wameiona," Riyaz akasema. "Wanaotafuta mali za Mjerumani wanazunguka nchi nzima na mashine zao. Wakisikia kitu kama hiki hawalali. Kijijini wanasema ni shangazi yako aliyewaambia. Wanasema amewauzia mlima."

"Nani anasema? Nitajie mmoja, nimfuate sasa hivi."

"Wote wanasema. Ufunguo si wake?" Akanitazama machoni. "Babu hajala tangu jana, Mize. Kama kuna mtu anajua kitu, aseme."

"Nenda zako," nikamwambia. "Usinipande kichwani."

Nilimkasirikia Riyaz siku mbili nzima. Nilimkasirikia dada Faraja, nikawakasirikia wachimbaji, nikawakasirikia hata Wajerumani. Ukiwa na watu wengi wa kuwakasirikia, yule mmoja anayestahili anapata mahali pa kujificha. Shangazi naye alipika, akafua, akaenda zake msituni. Kuku hawakugombezwa. Mlango niliuacha wazi makusudi Jumamosi asubuhi, akaja akaufunga mwenyewe, kimya.

Jumapili ukaitishwa mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti, Bwana Suleimani, alikuwa amekasirika mpaka sauti inakwaruza. Aliichezesha ile video mbele ya kipaza sauti, watu wote wakaisikia. Kisha akasema, "Biubwa, msitu huu tulikukabidhi. Ufunguo tulikukabidhi. Leo watoto wetu hawana pa kutazamia nyota, na mti wa babu zetu umekatwa mizizi. Kijiji kinataka kujua. Ufunguo siku ile ulikuwa na nani?"

Shangazi akasimama. Nilimjua vizuri. Nilijua ana maneno ya kumtosha Bwana Suleimani na mkutano mzima. Nilingoja aseme, "Ulikuwa na Mize, mimi nilikuwa nina homa." Ilikuwa ndiyo kweli, na ingemwokoa.

"Ufunguo ni wangu," akasema. "Nijibu mimi." Akautoa kwenye upindo wa kanga, akauweka juu ya meza, akarudi kukaa.

Mtu nyuma akasema, "Si mmeona? Hana la kujitetea." Mwingine akasema aondolewe leo leo. Bwana Suleimani akaunyoosha mkono kuuchukua ufunguo.

Nikasimama.

"Uache hapo, mwenyekiti," nikasema, na sauti ikatoka kali kuliko nilivyotaka. "Ufunguo ulikuwa na mimi. Shangazi alikuwa mgonjwa kitandani. Mgeni aliniuliza kuhusu nguzo, sikujua, nikaona aibu, nikamtungia sanduku. Hakuna sanduku. Hajawahi kuwepo Mjerumani yeyote pale juu. Ni mimi."

Kelele zikalipuka, kila mtu na lake, na mengine siwezi kuyarudia hapa. Mzee Mohamedali ndiye aliyewanyamazisha, akigonga fimbo yake kwenye mguu wa meza.

"Mtoto aliulizwa swali zuri," akasema. "Swali hilo miaka yote hakuna mtu aliyeniuliza, na mimi mwenyewe sikuwahi kulieleza. Hilo ni kosa langu. Sikilizeni. Darubini inavuta kitu cha mbali kikaja karibu. Mtu mmoja akitembea tu juu ya sakafu, sakafu inatikisika, na nyota inarukaruka humo ndani. Kwa hiyo nguzo nimeishusha chini peke yake, isiguse sakafu, watu watembee watakavyo. Chini yake kuna zege na mawe. Basi. Wamechimba, wamepata mawe."

Kwa hiyo ilikuwa hivyo tu. Maneno machache, na mzee aliyekuwa nayo nilikuwa namwamkia kila mara akija. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bwana Suleimani akaurudisha ufunguo kwa shangazi kwa mikono miwili, akamwomba radhi mbele ya watu. Shangazi akaupokea. Mimi hakuniangalia mpaka tulipofika nyumbani na mlango umefungwa. Hapo hasira zake zote za siku tatu zikatoka kwa pamoja.

"Unadhani sikujua?" akasema. "Video nimeiona Ijumaa. Ufunguo nilikupa mwenyewe, nina homa lakini sina wazimu. Nimekungoja Ijumaa. Nimekungoja Jumamosi. Nimelala nasema ataniambia, mtoto wa kaka yangu huyu, ataniambia. Uongo wako umevunja nguzo, na nguzo tutaijenga. Lakini kuniacha nikae pale natukanwa, na wewe unajua. Hilo, Mize, ndilo limeniuma."

Nililia, na hakunibembeleza. Sikutegemea.

Siku iliyofuata Riyaz alishika simu kunipiga video, nikasimama kando ya shimo, nikasema kwa jina langu kwamba niliongopa, na nguzo ni ya kazi gani. Tulimtumia dada Faraja. Naye alifuta ile ya kwanza akaiweka yangu. Watu walinicheka huko mtandaoni, nami nikaacha wacheke.

Kisha ikaanza kazi. Mafundi walivunja nguzo ya zamani na kuchimba upya. Wanafunzi walipandisha mawe na mchanga, na maji ya kukorogea zege niliyabeba mimi, ndoo kichwani, kila siku baada ya shule kwa wiki mbili. Siku hizo mlima ulikuwa mrefu, nakuhakikishia, na jasho lilinitoka. Mizizi ya mtondoo tuliifukia udongo, na shangazi akasema utapona, ingawa pole pole.

Zege lilipokauka sawasawa, tulipanda saa kumi na moja jioni, mwezi ukiwa umeshatoka angani na jua bado lipo. Mzee Mohamedali alikuwepo, amekaa kwenye kiti. Shangazi akaifunga darubini juu ya nguzo, akaielekeza kwenye mwezi, akaweka jicho.

"Ruka," akaniambia.

"Niruke vipi, shangazi?"

"Ruka hapo ulipo. Hasira zako zote zimalizie kwenye sakafu."

Niliruka. Niliruka mpaka bati la paa likalia na kima wakakimbia. Shangazi hakuondoa jicho.

"Mwezi umetulia," akasema. Mzee Mohamedali akafunga macho akatabasamu.

Shangazi akainuka, akanishika bega kwa nguvu, jinsi anavyoshika vitu vyote. "Sasa nikwambie mara moja, wala sitarudia. Siku ile ulikuwa na neno moja tu la kusema. Sijui. Neno hilo halijamuua mtu. Mtu anayesema sijui atafundishwa, na mgeni naye atapelekwa kwa anayejua. Ukitunga jibu, umemdanganya yeye, na wewe mwenyewe umebaki hujui. Na ukikosea, njoo uniambie siku ile ile. Nitakugombeza. Lakini nitakuwa upande wako."

Akakifungua kiganja changu, akaweka ufunguo.

Jumamosi iliyofuata wakaja wageni wa hotelini. Mmoja akaniuliza ule mtondoo mkubwa una miaka mingapi. Nilihisi jibu zuri linakuja, lenye masultani ndani yake. Nikalimeza.

"Sijui," nikasema. Nililisema kwa hasira kidogo, lakini nililisema. "Ngoja nimwite shangazi."

"Nani kaacha huu mlango wazi?" shangazi akauliza kutoka kwenye nyumba ya nyota.

"Ni mimi," nikajibu.