Mchumba Wangu Alinifundisha Uongo Ili Nisiende India

Nina umri wa miaka thelathini na moja, naishi Barani, Malindi, na sijaolewa. Kabla hujaanza kunionea huruma, ndugu msomaji, ngoja kwanza! Soma mpaka mwisho, kisha useme mwenyewe nani wa kuhurumiwa.

Niite Kadzo. Nimezaliwa Ganze, baba yangu ni mkulima wa mahindi, mwaka ambao mvua imekubali. Nilisoma kwa taabu hadi chuo kikuu, nikapata kazi ya mkataba katika ofisi moja ya serikali inayoshughulikia mazingira huku Kilifi. Mchumba wangu, ambaye nitamwita Kenga, alikuwa idara nyingine. Tulipendana... au tuseme, mimi nilipenda.

Wazee wake walikuwa wameshafika kwetu na mnazi wa kwanza wa posa, lile tembo la kugema. Kwetu Wagiriama, baba hanywi mnazi huo mpaka amuulize binti yake mbele ya watu wote. Hushika mrija, humgeukia binti, humuuliza, "Ninywe?" Siku ile nilijibu, "Kunywa, baba!" kwa sauti kubwa hata mashangazi wakanicheka. Nilikuwa na haraka ya nini? Sijui hata leo.

Basi ikatangazwa nafasi ya masomo India kwa watumishi wa umma, kusomea uongozi na mazingira. Nafasi yenyewe moja tu! Na kwenye mahojiano, kila mwombaji angeulizwa mambo ya India ya miaka ya karibuni: inavyojitawala, inavyoelewana na mataifa mengine, inavyotunza mazingira yake.

Tuliomba watu watatu tunaofahamiana: mimi, Kenga, na jirani yangu Salma, mtoto wa mji wa Malindi, mwenye ulimi mkali na moyo safi. Mimi na Kenga tukaahidiana. Nikipata mimi, atanisubiri. Akipata yeye, nitamsubiri.

Kwa kuwa sote tulikuwa kazini, tukagawana mafungu. Salma akachukua utawala, mimi mazingira, Kenga diplomasia. Kila jioni tulikutana kwenye baraza la kwao Salma, kila mtu akawafundisha wenzake alichosoma. Na sharti tuliloliweka lilikuwa hili: usiguse fungu la mwenzako, utapoteza muda bure. Mwamini, sikiliza, shika.

Jamani, zile jioni zilikuwa tamu! Salma alitueleza sheria yao mpya ya kuwatengea wanawake theluthi ya viti bungeni, lakini mpaka kwanza watu wahesabiwe na majimbo yachorwe upya. Akapiga makofi akasema, "Wallahi, hata huko wanawake twaambiwa ngojeni!" Mimi nikawaeleza habari za duma, mnyama aliyetoweka India miaka mingi, wakaenda kuwatafuta Namibia na Afrika Kusini ili kuwarudisha porini. Wengine walikufa, wengine wakazaa. Nikawaambia juu ya mikoko wanayoipanda pwani zao, nikailinganisha na ya kwetu.

Katikati ya masomo, mama yangu akavunjika mguu akienda kuteka maji. Ikabidi nirudi Ganze kumwuguza. Nililia, nikajua nimeshakosa. Kenga akanituliza. Akasema nisihangaike, kila jioni atanipigia simu anifundishe fungu lake.

Na kweli alipiga! Nilikuwa nikimaliza kumlisha mama, napanda kwenye kichuguu nyuma ya boma ambako mtandao hushika, nasimama hapo nikimsikiliza. Mtandao wenyewe ulikuwa wa kusikia sauti tu, kusoma habari kwenye simu ilikuwa ndoto. Alinifundisha kwa upole, akanirudishia pale niliposahau. Nilimshukuru Mungu kwa mwanamume yule. Nilimshukuru kwa machozi!

Siku ya mahojiano, Kilifi, niliingia nikiwa nimepiga moyo konde. Maswali ya mazingira niliyajibu mpaka mmoja wao akacheka kwa furaha. Nilisema wale duma hawatakaa ikiwa watu wa vijiji vya karibu hawakusikilizwa, kwa sababu natoka Ganze na najua mtu anavyochoma makaa, hata akiambiwa msitu ni mali ya taifa, kama hana kingine cha kupikisha chungu chake.

Kisha mama aliyekuwa mwenyekiti akaniuliza: mkutano wa mataifa yenye uchumi mkubwa ulipofanyika Delhi, Afrika ilipata nini?

Nikajibu bila kupepesa macho. Haikupata kitu. Ombi la kiti cha kudumu liliahirishwa.

Akaniuliza kama nina hakika. Hakika kubwa! Nikampa na sababu zake, kwa sababu Kenga alikuwa amenipa na sababu zake, zimepangwa vizuri kabisa. Akaniuliza kuhusu India na Uchina, kama waliwahi kuelewana juu ya doria za mpakani. Nikasema hata kidogo. Mama yule akaweka kalamu chini, akaniangalia kwa masikitiko. Akaniambia niende salama, nifunge mlango taratibu.

Nje nilimkuta Salma akisubiri zamu yake. Nikamsimulia. Akanishika mkono.

"Kadzo! Afrika ilipewa kiti palepale Delhi. Na la mpaka walipatana. Kenga kanisomesha barazani jioni nzima. Wewe hakukwambia?"

Nikatafuta habari kwenye simu, mtandao wa mjini hauna tabu... yote yalikuwa hapo, tena ya miaka, si ya jana! Dunia nzima ilikuwa inajua isipokuwa mimi niliyesimama juu ya kichuguu.

Utaniuliza, mbona hukujisomea? Uliza tu. Mtu anayekuja kukuoa anakufundisha kila jioni, nawe uende nyuma yake kumkagua? Wewe ungefanya hivyo?

Jioni hiyo nilimfuata kwao. Nilimkuta akimlisha uji mama yake, mama aliyepooza upande mmoja, ambaye mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha kila Jumamosi kwa mapenzi yangu. Nilitaka akane, angalau nipate la kubishana. Hakukana! Alinitoa uani, akaniambia kwa sauti ileile ya upole ya kwenye simu.

"Nimefanya kwa ajili yetu, Kadzo. Wewe ukienda, mama atabaki na nani? Dada zangu unawajua."

Kwa ajili yetu! Yaani mimi nilikuwa nimeshapangiwa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kubaki.

Nafasi alipata yeye. Salma alikosa kidogo tu. Nilifikiria kushtaki, lakini ningeonyesha nini? Maneno ya simu hayaachi alama. Haukupita muda, mkataba wangu ukaisha na hawakuuongeza. Kazini nikawa yule dada aliyesema Afrika haikupata kitu. Nyumbani ndiko kulikuwa na balaa zaidi. Mama, na mguu wake uliofungwa, alinisihi nisamehe. Shangazi yangu akasema wenzangu wanatafuta mume mwenye kazi tu, mimi nampata wa kwenda India kisha nanuna!

Kenga akatuma habari kwamba wazee wake wanaleta mnazi wa mwisho kabla hajasafiri. Arusi iwe ya haraka, kisha nihamie kwao nikae na mama yake mpaka arudi. Nani aliniuliza mimi? Nilimweleza baba kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia ataniuliza siku hiyo kama desturi, nami nitajibu nitakavyo. Sikujua yuko upande gani.

Wakaja. Wakaketi kwenye mikeka, mnazi ukawekwa katikati. Kenga alikuwa na shati jipya, ananitabasamia! Baba akashika mrija, akanigeukia.

"Kadzo mwanangu, ninywe?"

Nilimwona mama akifumba macho.

"Usinywe, baba."

Mjomba wake Kenga akacheka, akasema wasichana wa siku hizi wana aibu, niulizwe tena. Baba akaniuliza tena. Nikasema usinywe, na nikasema kwa nini, mbele ya wote, tangu kichuguu mpaka mahojiano. Kenga aliangalia mkeka. Hakuwa na sababu zilizopangwa siku hiyo!

Baba akauweka mrija chini. Akawaambia wageni, "Mmesikia. Binti yangu amesema." Akainuka. Vitu vyao vya posa tulirudisha vyote mbele ya mashahidi, na mnazi wao wakaondoka nao vilevile ulivyokuja.

Kenga yuko India sasa. Mama yake amechukuliwa na dada mkubwa wa Kenga, kumbe angeweza wakati wote! Nilikwenda kumwona bibi yule, nikamwogesha mara ya mwisho kwa hiari yangu, tukaagana vizuri.

Nasemwa sana. Nasemwa kisimani, kanisani, sokoni. Wacha waseme! Dada yangu unayejiandaa kwa mtihani wowote, soma na wenzako, ni jambo jema, lakini usimwachie mtu fungu lolote, hata anayekupenda... hasa anayekupenda. Fungua, tazama mwenyewe. Na akikwambia amekuzuia kwa ajili yenu, muulize yeye mwenyewe amejizuia nini. Usifuate njia niliyopita mimi.

Na nafasi ya India? Imetangazwa tena mwaka huu. Nimeomba, maana hata waliomaliza mikataba wanaruhusiwa, na Salma ameomba. Jioni tunakaa kwenye baraza lilelile, ila kila mmoja anasoma mafungu yote matatu, kisha tunaulizana kwa ukali kama maadui. Mama yule mwenyekiti akiniuliza tena Afrika ilipata nini Delhi, nitamjibu. Kiti, mama. Tena cha kudumu, na mimi nimekuja kukalia changu.