Kesi ya Vipepeo na Koti la Sufu

Tangazo kwa dunia nzima: asubuhi hiyo, nyumbani kwa fundi cherehani, uhalifu wa kutisha uligunduliwa! Dunia haikushtuka. Hata jogoo uani aliendelea kuchakura.

Fundi alitoa sandukuni koti la sufu la mteja. Lilikuwa na matundu saba.

"Ni vipepeo wa kwenye mlimau!" alifoka, akashika panga na kuuendea mlimau uani. "Leo mti huu unaanguka."

Binti yake aliukumbatia mlimau. "Mama, anza kunikata mimi."

"Usinijaribu!"

"Sibanduki! Nani aliwaona vipepeo wakila koti?"

Kelele zikamleta jirani yao, dobi.

"Shemeji, shusha panga kwanza," alisema.

Alilikung'uta koti juu ya shuka jeupe. Kiwavi mdogo kama punje ya mchele akaanguka. Kisha akatoka mdudu wa rangi ya majani makavu, akakimbilia gizani chini ya meza ya barazani.

"Huyo ni nondo wa nguo," dobi alisema. "Amezoea nchi za baridi. Husafiri amejificha ndani ya sufu."

"Bila pasipoti!" binti akadakia, mikono bado mtini.

"Kipepeo wetu hupenda jua. Vipapasio vyake vina vichwa, kama njiti za kiberiti. Vya nondo huyu ni vyembamba kama uzi, naye huogopa mwanga. Kiwavi wa kipepeo hula majani ya mlimau. Kiwavi wa nondo ndiye anayekula sufu, hasa yenye jasho. Koti ulilifua?"

Fundi akatazama miguu yake. "Nililikunja vilevile lilivyokuja."

"Basi ulimwandalia karamu. Sufu ifue, ianike juani, ipige brashi kwenye mishono. Ikikauka, ifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki."

"Umesikia, Mama?" binti alisema. "Vipepeo waombwe radhi."

Panga lilirudi jikoni. Fundi alitia koti viraka, akafua sufu zote. Tangu siku hiyo hajaona tundu jipya, na vipepeo bado wanacheza kwenye mlimau wao.

Hadithi ingeishia hapa kwa heshima. Lakini fundi anasoma juu ya bega la mwandishi, naye anauliza: matundu sita yalitafunwa, mbona la saba lilikuwa na kingo zilizonyooka? Nondo gani ana mkasi?

Haya. Binti ni mimi. Jogoo wetu hakuwa na kofia, nami nilikuwa na mkasi.

Nipeni adhabu yoyote. Mlimau msiuguse.