Dakika Ishirini za Emukule

"Wewe boss huko juu! Unatafuta netwaki ya Kampala?"

Emukule nusura aanguke kutoka kwenye paa. Chini, kando ya foleni ya malori mpakani Malaba, msichana mwenye gauni la manjano alikuwa akimcheka, faili kwapani.

"Natafuta saa, dada. Antena hii inapokea saa kutoka kwa setilaiti."

"Saa? Si ungeniuliza tu? Ni saa nne na robo!"

Huyo ndiye Akiror, karani wa lango katika yadi ya Mzee Paulinus. Lori halitoki bila yeye kubonyeza ruhusa, na mashine huandika dakika yenyewe. Kazi ya Emukule, aliyepewa mkataba na mzee huyo, ilikuwa kupima kama mhalifu angeweza kuipa mashine hiyo saa ya uongo kupitia mtandao. Lakini wiki ya tatu haikuisha kabla hajanaswa yeye na mapenzi. Simu zikawa haziishi.

"Mpenzi, umekula?"

"Nitakulaje na wewe uko juu ya paa la watu?"

Wazee wa Emukule wakapanga kupeleka posa Amukura, kwa kina Akiror, mwezi wa nane.

Kisha balaa likaingia. Alhamisi moja, mashine ya lango iliandika kwamba lori fulani liliruhusiwa saa nane na dakika saba. Mkaguzi, kwenye mashine yake, alikuwa amemaliza kulikagua saa nane na robo. Yaani Akiror alikuwa ametoa lori ambalo ukaguzi wake haujaisha! Kwa kosa hilo mtu hufukuzwa, na mpaka mzima hakuna atakayemwajiri tena.

"Karatasi ya mkaguzi nilikuwa nayo mkononi nikibonyeza," Akiror alisema, machozi yakimlenga. "Emukule, waambie!"

Emukule alikagua rekodi. Hakuna aliyeichezea.

"Rekodi iko safi, mzee," alimwambia Paulinus. Kisha, kwa sauti ya chini, akamgeukia mpenzi wake. "Mashine haina sababu ya kudanganya, mpenzi. Labda uliharakisha."

Akiror alimtazama kama mtu asiyemjua. Mzee akamfukuza kazi; akachukua mkoba wake, akaenda zake kwao. Tangu hapo simu hakushika.

Siku tisa Emukule hakulala vizuri. Siku ya kumi, akimalizia ripoti, alirudia jaribio moja kwenye mashine ya akiba. Aliipelekea saa ya uongo, nayo ikarudi nyuma dakika ishirini. Akaacha kutuma, akingoja ijirekebishe papo hapo. Wapi! Ilijivuta kidogo kidogo, na kazi hiyo ikachukua karibu saa nne.

Ndipo akakumbuka. Alhamisi ile, saa saba mchana, alikuwa amefanya jaribio hilohilo kwenye mashine ya lango yenyewe, akafunga kompyuta, akaenda kula ugali na omena. Hakumwambia mtu.

Jamani, alilia! Angeweza kunyamaza, maana nani angejua? Lakini ripoti ilimfikia Mzee Paulinus kosa la Emukule likiwa kwenye ukurasa wa kwanza. Mkataba wake ukakatwa siku hiyo, na Akiror akaitwa arudi kazini.

Amukura, Emukule alimkuta Akiror akibambua karanga uani, leso kiunoni.

"Nimeshaambiwa," Akiror alisema. "Asante kwa kusema ukweli."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Ila nijibu kitu kimoja. Kama ungepima ukakuta saa ilikuwa sawa, ukabaki na neno langu tu, leo ungekuja?"

Emukule alimpenda mno, hakuweza kumdanganya.

"Nisingekuja."

Akiror alitikisa kichwa polepole. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Basi waambie wazee wako wasijisumbue na safari. Jumatatu narudi langoni. Kwako sirudi."

"Akiror..."

"Nakupenda, Emukule. Ndiyo maana nimekuuliza."

Akainuka, akakung'uta maganda kwenye leso, akamsindikiza hadi barabarani.